Pembe Nne za Kalekye

Katika miaka yake yote ya polisi Inspekta Nalianya alikuwa ameshughulikia wizi wa kuku, wa baiskeli, wa mabati, na mara moja wa jeneza ambalo mwenyewe alikuwa bado yumo ndani. Hakuwahi kushughulikia wizi wa ploti ambayo mlalamishi alikuwa bado ameikalia. Ndiyo maana asubuhi hiyo ya Ijumaa, mwaka wa 1986, alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha kompyuta, juu kabisa katika jengo moja la mjini, akiambiwa avue viatu.

Mashine, alielezwa, haipendi vumbi. Nalianya alitaka kusema kwamba hata yeye halipendi na hakuna anayemvulia viatu, lakini alikuwa amekuja kuuliza, si kugombana. Akavua. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kilikuwa nje ya soksi, na wakati wote wa mahojiano alikikanyaga kwa kisigino cha mguu wa kulia, jambo lililomfanya asimame upande na kuonekana mtu wa dharau.

Aliyempokea aliitwa Muigai, mtaalamu wa takwimu wa mradi wa kupima ploti, kijana mwenye miwani na tai nyembamba, aliyesomea ng'ambo na ambaye ukimsikiliza ulijua hajarudi kabisa. Yeye ndiye aliyeilisha mashine vipimo vya ploti zote zilizopimwa Kawangware na Kibera. Ramani ya Kongo, ile sehemu ya Kawangware iliyobanana kuliko zote, ilikuwa ipigiliwe misumari kwenye ukuta wa ofisi ya chifu siku hiyo saa tisa alasiri. Ikishapigiliwa, basi. Ploti iliyomo imo, na isiyomo inamezwa na jirani.

Isiyomo ilikuwa moja tu. Ilikuwa ya Kalekye, mjane wa Kikamba anayejulikana Kongo nzima kama Mama Mukai, mwenye hoteli ya mabati ya mandazi na muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa yanayopikwa na maharagwe. Mradi ulikuwa umemwandikia kwamba ploti yake ina eneo la sifuri. Jirani wa kuimeza alikuwa Gichuru, mzaliwa wa hapo, mwenye nyumba nyingi za kupangisha na kofia moja. Gichuru alikuwa ameshatuma vijana wenye mitaimbo kungoja saa tisa ifike wabomoe, na kwa kuwa kungoja kunaleta njaa, walikuwa wakingojea ndani ya hoteli yenyewe, wakila.

Kalekye alikwenda kituoni kuripoti. Askari wa kaunta alicheka mpaka akakohoa. Mkuu wa kituo akampa Nalianya kesi hiyo, kwa sababu Nalianya alikuwa na kosa la kumkamata shemeji ya mkuu wa kituo.

"Nionyeshe hiyo ploti," Nalianya alisema.

Muigai aliandika jina kwenye kibao cha herufi. Mashine, kubwa kama kabati la nguo, ilinguruma kidogo, kisha kwenye kioo zikatokea nambari za kijani, mbili mbili, mstari chini ya mstari. Alieleza kwamba kila ploti kwenye mashine ni umbo, na kila umbo lina pembe, na kila pembe ina nambari mbili: ya kwanza inasema umekwenda kiasi gani mashariki, ya pili kiasi gani kaskazini. Ukilipata umbo kwa jina lake ukaomba pembe zake, linakupa. Nalianya aliihesabu mistari. Akahesabu tena akikigusa kioo kwa kidole, na Muigai akajikaza asiseme kitu kuhusu kidole hicho.

"Ploti ya huyu mama iko na kona ngapi?"

"Nne, afande."

"Na hapa kuna tano. Hiyo ya tano ni ya nani?"

Nalianya alisema maneno hayo polepole, kwa utamu, kama anavyosema mtu aliyekwisha maliza kesi kabla ya chai ya saa nne. Lakini Muigai alimwonyesha kwamba mstari wa tano ni ule ule wa kwanza umerudiwa. Mashine haiwezi kujua umefunga ua mpaka uiambie umerudi pale ulipoanzia. Nalianya alilinganisha tarakimu kwa tarakimu, akakuta ni kweli, na akaona uchungu, maana alikuwa ameshaanza kupanga moyoni maneno ya kumkamatia mtu.

Akauliza kama mtu anaweza kuzibadilisha nambari hizo. Muigai alisema inawezekana, akanywa maji. Nalianya akauliza kama kuna mtu amezibadilisha. Muigai alikunywa maji tena, ingawa bilauri ilikuwa imekwisha.

Nalianya hakuwa na ufundi mwingi wa kuhoji, ila alikuwa na huu mmoja: swali aliliuliza mara moja tu, halafu aliitazama tai ya mtu. Wengi huwa hawajui tai yao ina nini. Muigai aliishika, akainyoosha, akaikunja, kisha akasema yote.

Alikuwa anamtaka Wakarima, binti wa Gichuru. Siku alipokwenda kujitambulisha, mzee alimchinjia mbuzi, na mbavu zilipofika mezani akasema kwa upole kwamba mtu anayechora ramani hawezi kumkosesha baba mkwe kipande kidogo cha kuongezea. Muigai aliitafuna ile nyama na yale maneno pamoja. Kesho yake aliita umbo la ploti ya Gichuru, akaomba pembe zake, akazisogeza mbili kuelekea hoteli ya Kalekye.

"Ni kidogo tu, afande. Ilikuwa tu kwa ajili ya..."

"Ya mbuzi," Nalianya alimalizia, akatoa pingu.

Hata hivyo alikuwa mtu wa utaratibu, na utaratibu unataka mali ya wizi ionekane. Akaamuru umbo la ploti ya Gichuru liitwe hapo hapo. Likaitwa. Nambari zikatokea. Muigai alizitazama, akavua miwani, akaifuta, akazitazama tena. Zilikuwa zile za zamani. Hakuna pembe iliyokuwa imesogea hata unywele.

Muigai alirudisha miwani usoni. Alieleza kwamba ukiomba pembe za umbo, mashine haikupi pembe zenyewe. Inakupa nakala. Unaweza kuibadilisha upendavyo, na kwenye kioo utaona imebadilika, lakini umbo lenyewe halijui lolote mpaka uchukue nakala yako uirudishe ndani yake. Yeye alibadilisha, akaona, akafurahi, akazima taa akaenda nyumbani. Hakurudisha. Miaka minne ya chuo ng'ambo.

"Kwa hivyo," Nalianya alisema, "wewe ni mwizi umevunja duka, ukapanga mali kwa gunia, ukarudi nyumbani na ukaacha gunia."

"Tafadhali usimwambie mzee."

"Kwamba uliiba?"

"Kwamba sikuweza."

Nalianya alirudisha pingu mfukoni. Ipo sheria ya jaribio la kuiba, aliijua, lakini hakujiona akisimama mbele ya hakimu na kueleza nakala ya pembe. Zaidi ya hapo, jambo lenyewe lilikuwa limemwacha na mkono mtupu. Ploti ya Gichuru haikukua. Muigai alitoa utepe wa siku ya kwanza, ule ulioletwa kutoka kwa wapimaji, akauweka kwenye mashine, na nambari za Kalekye zikawa zile zile zilizokuwa mwanzo. Tangu zitoke uwanjani hakuna aliyezigusa. Mashine ilizichukua zikiwa safi na kusema sifuri, na kwa kuwa iliagizwa kutochora umbo lisilo na eneo, haikuchora.

"Kama nambari hazijaguswa, basi tuone kama kona zenyewe ziko," Nalianya alisema. Akavaa viatu vyake kwa raha ambayo hakuwahi kuipata katika viatu hivyo.

Kongo, yeye na Muigai walikuta mambo yametulia kwa namna mbaya. Vijana wa Gichuru walikuwa meza ya mbele, mitaimbo imeegemezwa ukutani, sahani za muthokoi mbele yao. Kalekye alikuwa kwenye jiko lake kando ya barabara, mwanamke mfupi, mpana, leso kiunoni, akigeuza mandazi na kuwaangalia watu waliokuja kumbomolea kama walikuwa wameongezewa vya kutosha. Hilo lilimkera Nalianya. Alipenda mlalamishi alie.

Ploti ilikuwa na pembe nne na kila pembe ilikuwa na chuma kilichochimbiwa kwa simiti: viwili mbele kando ya barabara, cha kushoto kwenye mlango na cha kulia pale kwenye jiko, na viwili nyuma, kila kimoja nyuma ya mwenzake wa mbele. Muigai alipima vyote kutoka kwenye jiwe la mradi. Vyote vinne vilikubaliana na mashine. Nambari zilikuwa za kweli na vyuma vilikuwa vya kweli, na katikati yake palikuwa na hoteli ambayo haikuwepo.

Gichuru alifika akapokea habari hiyo kwa kuinua kofia. "Mimi simchukii huyu mama, afande," alisema. "Lakini mashine haina kabila. Imesema ati ni sifuri."

Nalianya aliomba kamba ya kuanikia nguo. Kalekye akaifungua bila kuuliza, nguo zikatandazwa kwenye mabenchi. Inspekta akafunga ncha moja kwenye chuma cha mbele kushoto, kile cha mstari wa kwanza, akamwambia Muigai asome mstari wa pili.

Muigai alisoma karatasi yake, akageuka kulia kuelekea jiko, akasita. Akasoma tena. Kisha akaonyesha nyuma, upande wa kulia, ng'ambo kabisa ya hoteli.

"Huko?"

"Ndivyo inasema."

Basi Nalianya aliivuta kamba akaingia nayo mlangoni. Aliipitisha kati ya meza, juu ya sahani, vijana wa Gichuru wakainua viwiko, na akaitoa kwa dirisha la nyuma. Mstari wa tatu ulimrudisha mbele, kwenye chuma cha jiko. Mstari wa nne ukamwingiza hotelini tena, safari hii akipitia upenyo wa kupitishia chakula, na mteja mmoja aliyekuwa akinywa uji akalazimika kulala kwenye benchi ili inspekta apite na ushahidi. Kamba ilikatana na njia yake ya kwanza katikati ya hoteli, juu kidogo ya sahani ya kijana mkubwa wa mitaimbo, kisha ikaenda kufungwa nyuma kushoto. Mstari wa tano ukairudisha mlangoni.

Wote walisimama wakaitazama. Hapakuwa na ua. Palikuwa na pembetatu mbili zilizogusana ncha juu ya muthokoi.

Muigai alijipiga kofi kwenye paji la uso. Alieleza kwa haraka, na safari hii kwa Kiswahili cha nyumbani kabisa, kwamba mashine hupata eneo kwa kuzunguka. Ikizunguka upande mmoja inajumlisha, ikizunguka upande wa pili inatoa. Hapa inajumlisha pembetatu hii na kuitoa ile, na kwa kuwa ziko sawa, kinachobaki ni hewa. "Hakuna nambari mbaya, afande. Ni mpangilio tu. Ya pili na ya tatu zimepishana."

"Mpangilio unatoka wapi?"

Unatoka kwa mshika mlingoti, kibarua anayesimamisha mti wa kupimia juu ya kila chuma. Mpimaji mwenye darubini huketi mbali, na siku ile aliketi ng'ambo ya barabara chini ya mwavuli, akiandika kila mahali mlingoti unaposimama. Haulizi kwa nini. Sheria ni kwamba mshika mlingoti huizunguka ploti akifuata ua, pembe kwa pembe. Mpimaji mwenyewe alikuwa ameshahamishiwa pwani. Jina la kibarua aliyeshika mlingoti Muigai hakulijua, maana vibarua waliokotwa asubuhi wakaachiliwa jioni.

Kalekye alimkumbuka. Alimkumbuka vizuri mno, kwa sababu alikuwa hajawahi kuona mtu akikimbia chai.

Alisimulia akiwa amekaa pale pale kwenye jiko. Kijana mrefu alisimamisha mlingoti kwenye chuma cha mlangoni. Kisha akageuka kuja kwenye hiki cha jiko, akaona kuna mtu, akasimama ghafla, akashusha kofia mpaka puani na kupenya kwenye uwanja wa Gichuru ambako mbwa walimshughulikia. Baadaye akaonekana nyuma, upande wa kulia, suruali imechanika. Kalekye aliingiwa na huruma. Alijaza kikombe, akaweka mandazi juu ya sahani, akazunguka nyuma kwa upande wa kushoto ili amkute. Kumbe kijana alipomwona anakuja aliubeba mlingoti akakimbilia mbele, akausimamisha hapa kwenye jiko lililokuwa halina mtu. Kalekye akachoka. Aliiacha chai juu ya chuma cha nyuma kushoto na kurudi kazini, na kijana akaenda kukimaliza chuma hicho mwisho. Chai haikuguswa. Alidhani ni mtu wa yale makanisa yanayokataza chai.

Nalianya aligeuka akakitazama kile chuma cha jiko. Alikuwa Mbukusu, na alikuwa na mke, na mke alikuwa na mama. Alikumbuka siku ya soko kule Kimilili alipolala ndani ya mtaro, akiwa amevaa sare ya serikali, mpaka mama mkwe wake alipomaliza kubishania viazi vitamu na kuondoka. Yuko mtu mmoja tu ambaye mwanamume mzima humkimbia namna hiyo bila kumkosea.

"Mama Mukai," alisema, "uko na wasichana wangapi?"

"Ni huyo Mukai tu."

"Ameolewa?"

"Na watu wa kwetu Kitui. Wanakaa huko Kibera, Gatwekera."

"Bwana yake ukimwona utamjua?"

Kalekye aliacha mandazi yaungue. Alimtazama Nalianya kwa jicho la mtu aliyetukanwa mbele ya wateja. "Afande, huyo ni mkwe wangu. Uso wake naangalia nikitafuta nini?"

Saa sita ilikuwa imekaribia. Nalianya alimtuma Muigai mjini: apishanishe mstari wa pili na wa tatu, na akishapishanisha, arudishe kwenye umbo. Alilirudia neno hilo la kurudisha mpaka Muigai akaomba asamehewe. Yeye mwenyewe alishika njia ya Kibera.

Gatwekera alimkuta Mukai, mwembamba, watoto wawili wakimng'ang'ania rinda, na hakumwambia kitu zaidi ya kuuliza mumewe yuko wapi. Alielekezwa Laini Saba. Huko, kando ya reli, kati ya mafundi wa karai na masanduku, alimkuta Mutie akigonga bati la jiko. Alikuwa mrefu kweli. Suruali yake ilikuwa na kiraka kipya mahali ambapo mbwa hupenda.

Mutie alipoona sare alianza kujieleza kuhusu mabati fulani. Nalianya akamwambia mabati yangoje zamu yao.

"Siku ile ya Kongo. Mbona uliruka kona ya pili?"

Nyundo ilishuka polepole. "Kona ya pili ilikuwa na mama."

"Si ungemwambia yule wa darubini."

"Ningemwambia nini, afande? Ati naogopa mwanamke anapika mandazi?" Akatazama reli. "Asubuhi hawakutuambia tunaenda wapi. Nilijua ni kwake nikishafika. Sasa ningefanya aje, nimtolee macho?"

Nalianya alimweleza yaliyofuata. Alimweleza habari ya kamba, sifuri na mitaimbo. Mutie alitafuta mahali pa kukaa, akaketi juu ya jiko alilokuwa amemaliza sasa hivi na kulibonyeza. Hata hakulitazama. Aliuliza tu kama wataweza kufika kabla ya saa tisa.

Walifika hotelini chifu akiwa ameshakuja kuiona ploti ya ugomvi kabla ya kupigilia ramani, nyundo mkononi, misumari mdomoni na watu wamejaa. Muigai naye alikuwa amerudi na karatasi mpya, ndefu, yenye matundu pembeni. Juu yake ploti ya Kalekye ilikuwa imekaa kwa raha, ya mstatili, na eneo lake kamili. Aliapa kwamba baada ya kurudisha alilifunga umbo, akaliita upya, akalifunga na kuliita tena, mpaka wenzake wakadhani ameugua.

Gichuru hakuitaka karatasi hiyo. Alisema kijana huyu anachora anavyojisikia, na yeye anayo sababu ya kumjua. Asubuhi sifuri, mchana mstatili, na jioni itakuwa nini? Chifu, ambaye alikuwa na ramani mbili, nyundo moja na hamu ya kwenda nyumbani, alitoa misumari mdomoni na kukata shauri. Aliyeshika mlingoti azunguke ploti mbele ya wote, chuma baada ya chuma, kwa ule mpangilio unaotakiwa. Ramani itakayokubaliana naye ndiyo itakayopigiliwa.

Hapo Gichuru alimtazama Mutie, aliyekuwa amesimama nyuma ya Nalianya na kofia juu ya pua. Akamtazama Kalekye. Gichuru alikuwa Mkikuyu wa zamani, na kwao pia mtu na mama mkwe wake hawakodoleani macho. Alielewa palepale.

"Sawa kabisa," alisema. "Lakini mwenye ploti lazima asimame kwa chuma chake. Pale kwa jiko, chuma cha pili. Asimame tumwone. Ama si ndiyo sheria?"

Chifu alisema ndiyo sheria. Nalianya alikasirika. Alikuwa amekutana na wezi wa kila aina na wengi aliwaelewa, lakini mtu anayechukua adabu ya mwingine na kuigeuza mtaimbo, huyo alimchukia waziwazi, na kama pingu zingekuwa na kosa la kumfungia angemfungia.

Mutie alisimama kwenye chuma cha kwanza na mlingoti. Kalekye alikwenda akasimama kwenye cha pili. Vijana wa mitaimbo waliacha kutafuna.

"Siwezi, afande," Mutie alinong'ona. "Afadhali unifunge."

"Nikikufunga, yeye leo atalala wapi?"

Mutie aliutazama mlingoti. Kisha akageuka. Alimpa Kalekye mgongo, akauweka mlingoti begani, na kuanza kutembea kinyumenyume.

Kalekye aliona. Aliifungua leso kiunoni, akajitanda kuanzia kichwani, akajifunika mpaka zikabaki ndala tu. Kijana alikuja hatua kwa hatua, uso umeelekea mlangoni, kisigino kikipapasa, na Nalianya pembeni akimwongoza kama mtu anayeegesha lori: kushoto kidogo, nyoosha, njoo, njoo. Sufuria moja ilipinduka. Kisigino kiligonga chuma. Mutie akausimamisha mlingoti nyuma yake bila kugeuka, karibu sana na leso ile kiasi kwamba upepo uliigusanisha na shati lake.

"Ya pili," chifu alisema, kwa sauti ya chini kuliko alivyokusudia.

Ya tatu na ya nne alikwenda mbio. Aliporudi mlangoni alipoanzia, Muigai alilinganisha karatasi yake na kusema kwamba umbo limefungika. Chifu alipigilia ramani ya mstatili kwenye mlango wa hoteli kwanza, ili asipate watu wa kumfuata ofisini, akaahidi kwenda kuipigilia ya ukutani. Gichuru alivaa kofia yake. Alimwambia Muigai asimwone tena nyumbani kwake, na Muigai akajibu sawa, kisha akauliza kama anaweza kumwona Wakarima mahali pengine. Vijana wa mitaimbo walishauriana na kuomba waongezewe muthokoi.

Kalekye alikuwa bado chini ya leso. Mutie alikuwa amesimama mlangoni, amempa mgongo. Kati yao palikuwa na Nalianya.

"Afande," sauti ilitoka ndani ya kitambaa, "niambie huyo mtu kitu."

Mtu huyo alikuwa anasikia, na barabara nzima ilikuwa inasikia. Nalianya aliinamisha kichwa kama mtu anayepokea ujumbe wa siri.

"Mwambie heshima yake nimeiona, na nimeshukuru. Lakini mwambie hii ploti si yangu. Baba Mukai aliniachia nimshikie msichana wake. Sasa mwambie, hiyo kamba ikipita hapa ndani, ilikuwa inapitia katikati ya watoto wake."

Nalianya aligeuka, akayarudia maneno yote, neno kwa neno, kwa mgongo wa Mutie. Mutie aliushika mlingoti kwa mikono miwili. Mabega yake yalikuwa yanatikisika na hakutoa sauti.

"Anasemaje?" Kalekye aliuliza.

Tangu aanze kazi Nalianya hakuwahi kuandika katika taarifa neno ambalo shahidi hakulisema. Aliyatazama yale mabega.

"Anasema amesikia, mama."

Leso ilitikisika kidogo. "Basi muulize mbona huwa haleti hao watoto hapa. Wao sijakatazwa kuwaona uso."

Nalianya aligeuka aulize, akakuta mlingoti umeegemezwa mlangoni na Mutie ameshavuka barabara, anakimbia kuelekea Gatwekera waliko watoto.